Nati Haishiki Mkono wa Baiskeli

Nyabugogo ni bonde lililozungukwa na vilima. Hapo ndipo barabara kubwa za kaskazini na magharibi mwa Kigali zinapokutana: ile ya Gatuna, iendayo mpaka wa Uganda kwa kupitia Gatsata, ile ya Musanze na Rubavu, ipandayo Shyorongi, na ile ya Muhanga na Huye, ivukayo mto Nyabarongo. Mto Nyabugogo, utokao ziwa Muhazi, hupita humo ukielekea kujimwaga katika Nyabarongo. Mabasi ya mikoani hukusanyika hapo tangu alfajiri, na pamoja na mabasi hukusanyika abiria, mizigo, wachuuzi na baiskeli.

Bonde hilo liko chini kidogo ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima Kigali, ulio jirani yake, chapita meta 1,800. Basi mtu atokaye Nyabugogo kwa baiskeli ana njia mbili tu: ama afuate bonde, ama apande mlima. Na yule aingiaye Nyabugogo, mara nyingi huwa anateremka, tena akiwa na gunia au abiria nyuma yake.

Wanaofanya kazi hiyo ya kubeba watu na mizigo huitwa kwa Kinyarwanda abanyonzi. Ni ndugu wa wale walioanzisha boda-boda huko Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako baiskeli zilivusha watu na bidhaa kutoka upande mmoja hadi wa pili kabla pikipiki hazijalirithi jina hilo. Kwa watu hawa baiskeli ndiyo shamba lao. Ikisimama, chakula cha jioni nacho chasimama.

Makala haya yanahusu kipande kimoja tu cha chombo hicho, yaani mkono wa pedeli, ambao mafundi wengine huuita krenki. Twakusudia kuwaeleza ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi kwa nini mkono huo hulegea, jinsi ya kuutambua uliolegea, na jinsi ya kuukaza ukakazika. Askari wa barabarani hukutana na baiskeli hizi kila siku, na askari wengi wa vituo vya mbali huzipanda wao wenyewe wanapokwenda kazini na kurudi. Kwa hiyo jambo hili lawahusu kwa pande zote mbili.

ASKARI NA BAISKELI SI WAGENI

Yeyote adhaniaye kwamba baiskeli ni chombo kidogo kisichostahili kuangaliwa na askari, na asome historia. Uswisi iliunda vikosi vya askari wa baiskeli mwaka 1891, ikavivunja mwaka 2003 tu. Wajapani walipoishambulia Malaya mwishoni mwa mwaka 1941, maelfu ya askari wao walisafiri kwa baiskeli kuelekea kusini, na tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikasalimu amri. Huko Vietnam, mwaka 1954, wananchi walisukuma kwa mikono baiskeli zilizopakiwa kilo 200 na zaidi, wakipita porini na milimani kupeleka chakula na risasi kwenye mapigano ya Dien Bien Phu.

Katika habari hizo zote, baiskeli iliyoshinda ni ile iliyotunzwa. Mkono wa pedeli ukilegea katikati ya msafara, askari aliyekuwa na mwendo wa farasi hugeuka kuwa mchukuzi wa miguu, tena mwenye mzigo wa chuma wa kusukuma.

KIPANDE CHENYEWE

Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya kuwa moja ya lugha zake rasmi mwaka 2017, tangu zamani husikika masokoni na katika karakana, hivyo majina ya vipande hivi si mageni. Katikati ya baiskeli, chini ya kiti, pana bomba fupi lililolala. Ndani yake hupita eksile ya kati, nayo huzunguka juu ya gololi zilizopakwa grisi. Kila ncha ya eksile hiyo hufungwa mkono mmoja. Mkono wa kulia umeungana na gurudumu la meno livutalo mnyororo. Mkono wa kushoto uko peke yake.

Katika baiskeli nyingi nyeusi za kazi, zile nzito zenye keria imara, mkono hushikwa na pini ya chuma ipitayo ndani ya tundu la mkono, ikakwaruza ubavu wa eksile mahali palipochongwa bapa. Mafundi huiita kotapini. Pini hiyo ni ya mviringo, lakini upande wake mmoja umesawazishwa kwa mshazari, ukawa mwembamba kuelekea ncha yenye nati. Kwa maneno mengine, ni kabari. Igongwapo kwa nyundo, hujisokota kati ya mkono na eksile, na vitatu hivyo vikawa kitu kimoja.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Watu wengi huamini kwamba nati ndiyo ishikayo mkono. Sivyo. Mkono hushikwa na kabari. Kazi ya nati ni kuizuia kabari isirudi nyuma. Mtu akutaye mkono umelegea, akachukua spana na kuikaza nati peke yake, hajatengeneza kitu. Atapata utulivu wa siku moja au mbili, kisha mkono utalegea tena, na safari hii nyuzi za nati zitakuwa zimekwisha. Hapo ndipo abanyonzi wengi, na askari wengi pia, wanapodanganyika.

NGUVU IPITAYO HAPO

Na tupige hesabu kidogo. Urefu wa mkono wa kawaida ni kama sentimeta 17. Unene wa eksile ni kama milimeta 16, maana yake kutoka katikati hadi ukingoni ni milimeta 8. Basi nguvu iwekwayo juu ya pedeli hufika kwenye ukingo wa eksile ikiwa imezidishwa zaidi ya mara 20. Mtu wa kilo 70 asimamapo kwa uzito wake wote juu ya pedeli moja ili kupanda mlima, kabari ile ndogo hubeba mkazo ulio karibu na tani moja na nusu.

Kabari ikiwa imekaa sawasawa, hubeba mkazo huo bila malalamiko. Lakini pakiwa na nafasi, hata iliyo nyembamba kama ukucha, kila mkanyago hugeuka kuwa pigo la nyundo. Mpanda baiskeli azungushaye pedeli mara 60 kwa dakika huizungusha mara 3,600 kwa saa moja. Mapigo 3,600 kwa saa yatosha kuila pini yoyote, kisha kulitanua tundu la mkono, kisha kuutafuna ubapa wa eksile. Pini ni kitu cha bei ndogo, na imefanywa kwa chuma laini makusudi ili iharibike yenyewe kabla ya eksile. Mkono ni ghali zaidi, na eksile yahitaji kufungua sehemu yote ya kati. Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kana kwamba walikuwa wakimwambia mwenye baiskeli.

Ugumu wa vilima hivi si maneno ya mtaani tu. Mwezi Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo yalikuwa hayajapata kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume tarehe 28 Septemba zilikuwa za kilometa 267.5, zikapitia mlima Kigali na ule mpando wa mawe uitwao Kwa Mutwe. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Ikiwa vilima hivyo viliwashinda mabingwa wenye baiskeli nyepesi na mafundi wao nyuma katika magari, sembuse mtu aliyepakia gunia la viazi juu ya chuma kizito kisicho na gia?

HATARI ZAKE

Mpanda baiskeli apandaye mlima hukanyaga kwa nguvu zote. Mkono ukiteleza ghafla, mguu hutangulia, kifua hugonga usukani, na baiskeli huyumba kuelekea katikati ya barabara, ambako malori hupita. Katika barabara ya Musanze wako pia wanaojishika nyuma ya malori ili wavutwe mlimani, mwenendo ambao polisi wa Rwanda wameukemea mara nyingi. Mtu wa namna hiyo ameongeza hatari juu ya hatari.

Ateremkaye naye hukaa pedeli zikiwa sawa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, uzito wake ukiwa juu ya mikono yote miwili. Pini ikikatika hapo, mguu mmoja hushuka hadi chini na mwili wote huinamia upande huo. Breki hata ziwe nzuri namna gani, hazimsaidii mtu ambaye hana pa kusimamisha mguu.

Maji nayo yana sehemu yake. Bonde la Nyabugogo hufurika nyakati za mvua kubwa. Baiskeli ivukayo maji na tope huingiza mchanga katika gololi za kati na kutu katika matundu ya pini. Eksile ikianza kucheza, pini nayo hupata taabu. Kwa hiyo baada ya mafuriko ukaguzi hauna budi kufanywa upya.

JINSI YA KUUTAMBUA

Dalili ya kwanza ni sauti: kishindo kimoja, “ko”, katika kila mzunguko, hasa mlimani. Dalili ya pili husikika mguuni: pedeli hutembea kidogo bila kazi, kisha hushika. Lakini dalili hizi zaweza kutoka pia kwenye pedeli yenyewe au kwenye gololi. Ili kuhakikisha, fanya hivi.

Simamisha baiskeli, ushike breki. Weka mikono ya pedeli sawa na ardhi, mmoja mbele, mmoja nyuma. Ikandamize pedeli moja kwa kiganja, huku ukitazama kwa makini mahali mkono unapokutana na eksile. Kisha zungusha nusu mzunguko na ukandamize tena. Mkono ukisogea kabla ya eksile kusogea, pini imelegea.

Halafu shika mikono yote miwili, uitikise ndani na nje, kuelekea fremu na kutoka kwenye fremu. Ikiwa yote miwili yacheza pamoja, ubaya uko kwenye gololi na vikombe vyake. Ikiwa mmoja wacheza peke yake, ubaya uko kwenye mkono huo. Mwisho, shika pedeli yenyewe na kuitikisa. Ikicheza hiyo tu, mkono hauna hatia.

Liko jambo moja liwapotezalo hata mafundi wazoefu. Mguu wa kulia ukikanyaga, nguvu huingia moja kwa moja katika gurudumu la meno, kwa kuwa limeungana na mkono wa kulia. Mguu wa kushoto ukikanyaga, nguvu hupita pini ya kushoto, ikasafiri ndani ya eksile, ikapita pini ya kulia, ndipo ifike kwenye mnyororo. Kwa hiyo kishindo kisikikacho mguu wa kushoto ukanyagapo chaweza kuwa ni cha pini ya kulia. Kagua zote mbili kabla ya kuhukumu.

JINSI YA KUUKAZA

Kwanza, legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, lakini usiitoe. Nati itazilinda nyuzi dhidi ya nyundo. Chukua kipande cha bomba au gogo lenye tundu, ukisimamishe juu ya ardhi ngumu, na mkono wa baiskeli uegemee juu yake, tundu likiwa chini ya kichwa cha pini. Egemeo hili ni la lazima. Bila hilo, pigo la nyundo hupita katika eksile na kuumiza gololi na vikombe. Gonga pigo moja thabiti. Mapigo mengi madogo huipinda pini bila kuitoa.

Pili, angalia. Pini ikiwa na mfereji katika ubapa wake, itupe. Tazama ubapa wa eksile na tundu la mkono. Ikiwa tundu limekuwa la yai, mkono huo umekwisha, wala hakuna pini itakayouponya.

Tatu, chagua pini ya unene sahihi. Ziko za milimeta 9.5 na ziko za milimeta 9. Ya 9 katika tundu la 9.5 haitakaza kamwe, hata fundi angetumia nyundo ya mhunzi. Makosa ya namna hii ni mengi, kwa sababu kwa jicho tofauti yake haionekani. Chukua pini ya zamani dukani ukalinganishe.

Nne, ingiza pini mpya kwa mkono. Ikiwa nyuzi zake hazitokezi vya kutosha kupokea nati, ubapa wapasa kupunguzwa kwa tupa, kidogo kidogo, bila kuupinda mshazari wake. Paka ubapa huo masizi ya taa, ingiza, gonga kidogo, kisha toa. Masizi yakifutika pote, pini imekaa vizuri. Yakifutika mahali pamoja tu, endelea kusawazisha.

Tano, angalia mwelekeo. Mkono wa kulia ukielekea mbele na nati yake ikitazama chini, basi mkono wa kushoto nao ukizungushwa mbele nati yake haina budi kutazama chini. Ukikosea hapo, pedeli hazitakuwa katika mstari mmoja, na mpandaji atachechemea kama mwenye mguu mfupi.

Sita, weka egemeo tena, safari hii nati ikiwa upande wa tundu, ugonge pini ndani. Kaza nati kwa nguvu ya kiasi. Gonga tena, kisha kaza tena. Panda baiskeli kilometa mbili tatu, ikiwezekana mlimani, kisha rudi ugonge na kukaza mara ya mwisho. Hatua hii ya kurudi ndiyo ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo itofautishayo kazi ya mwezi mmoja na kazi ya mwaka mzima.

BAISKELI ZISIZO NA PINI

Tangu miaka ya 1930, baada ya viwanda vya Ulaya kama Stronglight cha Ufaransa kutoa mikono isiyotumia pini, namna nyingine imeenea. Ncha ya eksile ina pande nne, nyembamba kuelekea nje, na mkono una tundu la pande nne. Bolti iliyo katikati huusukuma mkono kupanda juu ya mshazari huo. Kabari ni ile ile, imebadilika umbo tu.

Mara nyingi mkono wa namna hii ni wa aluminiamu, na eksile ni ya chuma cha pua au chuma kigumu. Kwa hiyo ukiendeshwa huku umelegea, hata kwa mwendo mfupi, tundu lake hupoteza pembe zake na halirudi tena. Bolti yahitaji kukazwa sana, kiasi cha nyutoni-meta 35 hadi 40, yaani kama mtu auingizaye uzito wa kilo 15 hivi mwishoni mwa spana ya sentimeta 25. Spana ndogo ya mfukoni haitoshi. Wako wanaotia kipande cha kopo la soda ndani ya tundu ili kuziba nafasi. Hilo laweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini si matengenezo, na yeyote alitumiaye kubeba abiria amefanya kosa.

Zipo pia baiskeli za kisasa ambazo mkono wa kushoto hubanwa na bolti mbili ndogo zilizo kando kwa kando. Hizo hukazwa kwa zamu, moja kidogo, ya pili kidogo, hadi zilingane. Ukiimaliza moja kabla ya nyingine, mkono huo nao utalegea.

WAJIBU WA ASKARI

Mwaka 2019 polisi wa Rwanda walianzisha kampeni ya usalama barabarani iliyopewa jina Gerayo Amahoro, maana yake “fika kwa amani”. Jina hilo lamhusu mwenye basi, mwenye lori na mwenye baiskeli kwa kipimo kimoja. Askari asimamaye kwenye njia panda aweza kuutambua mkono uliolegea katika muda usiozidi dakika moja, bila chombo chochote ila kiganja chake. Akiugundua, la kwanza ni kumteremsha abiria. La pili ni kumwelekeza mwenye chombo kwa fundi wa karibu, na kumweleza kwamba asikubali kukaziwa nati peke yake. Kumnyang’anya mtu chombo chake chote kwa ajili ya pini ya bei ndogo ni kumwadhibu pamoja na watoto wake. Kumwachia apande Shyorongi katika hali hiyo ni kumwadhibu zaidi.

Katika vituo vyetu wenyewe, ambako baiskeli ya kituo hupandwa leo na huyu na kesho na yule, ugonjwa huu hukua kwa sababu kila mmoja humwachia mwenzake. Dawa yake ni ile ile itumikayo kwa silaha: anayepokea chombo hukikagua mbele ya anayekabidhi, na kasoro huandikwa siku hiyo hiyo. Stoo ya kituo na iwe na pini nne za unene unaofaa, nati na washa zake, tupa moja, nyundo moja yenye uzito wa kutosha, na kipande cha bomba cha kuegemeza. Vitu hivyo vyote huingia katika mkebe mmoja.

Bunduki isiyosafishwa humsaliti askari siku ya mapambano, na hakuna askari asiyelijua hilo. Baiskeli nayo haina siri: hupiga “ko” mara elfu kabla ya kumwangusha mtu. Aisikiaye mara ya kwanza, na ashuke hapo hapo, kabla barabara haijaanza kupanda.